Mbwa Uliyemchukua Hatulii: Anza na Mwili, Fuata Woga, Tabia Iwe ya Mwisho

Mbwa wengi waliotelekezwa huku kwetu hawakuzaliwa mtaani. Walikuwa na kwao. Mwenye nyumba alihama mbwa akaachiwa mlinzi, au alifungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu, miaka nenda miaka rudi, bila mtu kumgusa wala kumwita jina. Wengine ni mbwa koko hasa, waliokulia jalalani sokoni au kwenye mialo ya samaki. Ukimchukua mmoja wao, iwe kwa jirani, mtaani au kwa vituo vya kuokoa wanyama kama KSPCA cha Nairobi na Mbwa wa Africa kule Usa River, Arusha, wiki za mwanzo zitakuletea vituko ambavyo hukuvitarajia.

Karibu kila kituko kina njia moja ya kukichunguza. Uliza kwanza kama mbwa anaumwa. Kisha uliza anaogopa nini. Majibu ya hayo mawili yakikosekana, ndipo uanze kuzungumzia tabia na mafunzo. Watu wengi huanzia mwisho, tena na fimbo mkononi, na mbwa hurudi mtaani kabla ya mwezi kwisha.

Kabla ya yote: kichaa cha mbwa

Mbwa usiyejua historia yake mhesabu kuwa hajachanjwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, lakini elewa kwamba chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Virusi vinaweza kukaa mwilini muda mrefu kabla ya dalili, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na mara chache zaidi ya hapo. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ni ya kumwangalia kwa makini. Dalili za kukushtua ni hizi: mpole kuwa mkali ghafla, au mkali kuwa mpole kupita kiasi, sauti ya kubweka kubadilika, miguu kukosa nguvu, taya kulegea, udenda kutiririka na kushindwa kumeza. Hiyo ya taya ndiyo inayowaponza watu. Wanadhani mbwa amekwamwa na mfupa, wanatia mkono mdomoni kuutoa. Usitie mkono. Mfungie mahali salama, mweke mbali na watu na wanyama wengine, mwite daktari.

Mtu aking'atwa au akiparuzwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Usisubiri "kuona kama mbwa atakufa", maana kwa binadamu dalili zikishaanza ugonjwa huu ni kifo karibu kila mara. Chanjo za bure au za bei nafuu kwa mbwa hutolewa sehemu nyingi kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo uliza ofisi ya mifugo ya kata yako.

Hagusi chakula

Siku ya kwanza na ya pili, kama anakunywa maji, huenda ni woga tu. Weka bakuli kwenye kona aliyoichagua mwenyewe, ondoka, usichungulie. Wengi hula usiku nyumba ikishatulia. Chanzo kingine ni kutokijua chakula chenyewe. Mbwa aliyekula ugali na mabaki maisha yake yote anaweza kuzitazama punje za chakula cha dukani kana kwamba umemwekea kokoto. Mwagia supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu, uone.

Kama bado hataki kula, fungua mdomo wake ikiwa anakuruhusu na hana dalili yoyote kati ya zile nilizotaja juu. Fizi za mbwa mzima huwa na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, damu imepungua, na kwa mbwa wa huku watuhumiwa wa kwanza ni magonjwa ya kupe na minyoo inayonyonya damu utumboni. Mkojo wa rangi ya kahawia, damu puani, homa, kulala tu bila hamu ya kitu: hayo hayasubiri kesho. Joto la kawaida la mbwa ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo usitumie kiganja chako kama kipimo. Mbwa mzima kabisa ana joto kuliko wewe. Na mtoto wa mbwa anayetapika huku akiharisha damu yenye harufu kali anahitaji dripu leo. Huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na parvo huua ndani ya siku chache.

Anakula kama anafukuzwa, na bado mbavu zinahesabika

Hapa ndipo huruma inapoua. Mbwa aliyekonda mpaka mifupa inaonekana akiwekewa sufuria nzima ya ugali, wanga ule unaingia kwenye damu kwa kishindo na mwili unalazimika kutumia akiba ndogo ya madini iliyobaki, hasa fosforasi na potasiamu. Ndani ya siku chache za mwanzo anaweza kulegea, kutetemeka, kupumua kwa shida, na hata moyo kusimama. Familia inasema alilogwa au alikula sumu.

Mpe kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku, na uongeze polepole kwa muda wa wiki moja au zaidi. Yai la kuchemsha, nyama, maini kiasi au dagaa viwe sehemu kubwa, wali au ugali uwe kidogo. Kama amekonda sana, daktari amwone kabla hujaanza kumjaza. Maziwa ya ng'ombe yaache. Mbwa wazima wengi hayawapatani na huharisha.

Akila kwa pupa akatapika, tandaza chakula kwenye sinia pana au kitawanye sakafuni palipo safi ili alazimike kutafuta. Mabaki ya mezani yana mitego miwili. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa, na pilau au mchuzi wetu upi hauna kitunguu? Pili ni mifupa ya kuku iliyopikwa: huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Miguu na vichwa vya kuku unavyonunua sokoni vichemshe, kisha uvichambue mifupa kabla ya kumpa.

Anayenguruma ukisogelea bakuli hana dharau. Amewahi kunyang'anywa, labda na mbwa wenzake, labda na watu. Kumnyang'anya ili ajue mwenye nyumba ni nani kunamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuhofia. Fanya kinyume: pita mbali kidogo, mrushie kipande cha nyama, endelea na safari yako. Baada ya siku kadhaa punguza umbali. Siku utakayomwona ananyanyua kichwa na kukutazama kwa hamu ukipita, umeshavuka. Mpaka hapo, watoto wasikaribie anapokula.

Anaharisha

Mara nyingi ni mabadiliko ya chakula au minyoo. Mpe dawa ya minyoo kwa uzito wake, si kwa kukisia, na uirudie kama daktari atakavyoelekeza. Zoa kinyesi kila siku na uhakikishe watoto wananawa, kwa sababu baadhi ya minyoo ya mbwa huingia kwa binadamu. Akiharisha damu, au akiendelea kuharisha zaidi ya siku mbili, mpeleke kwa daktari.

Anajikuna mpaka anajichubua

Mwangalie alipochubuka. Ncha za masikio, viwiko na tumbo, na mwasho mkali usiokoma, mara nyingi ni upele unaoambukiza, na wewe mwenyewe unaweza kupata vipele mikononi. Viraka visivyo na nywele machoni na mdomoni, bila mwasho mwingi, huenda ni upele wa aina nyingine usioambukiza watu, unaojitokeza kinga ya mwili ikishuka. Daktari hukwangua ngozi kidogo na kuiangalia kwenye hadubini. Ni kipimo cha muda mfupi na kinaokoa pesa za dawa za kubahatisha.

Sasa yale ya mtaani. Kumpaka mbwa oili chafu ya gari "kutibu upele" ni kumwekea sumu anayoilamba usiku kucha. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, ikikisiwa kwa kifuniko cha chupa kwenye ndoo ya maji, imeua mbwa wengi: wanatokwa na mate, wanatetemeka, wanaanguka. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe ni hivyohivyo, kosa dogo la kipimo linatosha, na mbwa wenye damu ya koli, aina ya mbwa wa kuchunga kondoo, huathirika hata kwa kipimo kidogo. Viko vidonge vya kutafuna vya kupe na viroboto vinavyofanya kazi mwezi mmoja hadi mitatu, na vingi huua hata wadudu wa upele. Si rahisi mfukoni, lakini ukijumlisha dawa za kubahatisha utakuta ndivyo nafuu.

Umeua kupe kwa mbwa na wiki ya pili wamerudi? Huenda hawakutoka kwa jirani. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba na banda; jike hushuka, hupanda ukutani na kutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, pulizia banda dawa inayofaa mbwa akiwa mbali, urudie.

Ukimpapasa, pitisha vidole chini ya manyoya ya shingo. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu mdogo na kola isiyolegezwa anaweza kuwa na kola iliyozama ndani ya nyama, na harufu ndiyo itakayokuambia. Usiivute; hiyo ni kazi ya daktari na ganzi. Angalia pia sehemu za siri. Damu inayodondoka na uvimbe mwekundu unaomeguka, kwa dume au kwa jike, mara nyingi ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, na mbwa koko wanayo sana. Jike wengi wenye hali hii huambiwa "yuko kwenye joto tu" kwa miezi. Habari njema ni kwamba kwa kawaida hupona kwa sindano za dawa ya saratani zinazotolewa kila wiki kwa wiki kadhaa.

Anajificha, na ukiinama anakimbia

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na majibu yake yako barabarani. Mbwa wa huku amejifunza kwamba binadamu akiinama anaokota jiwe. Hahitaji kuliona jiwe. Unainama kufunga kamba ya kiatu, au kumwekea chakula, yeye yuko upande wa pili wa uwanja na mkia umefyata. Ufagio, fimbo ya mlinzi, bomba la maji, mtu anayekuja na mkono mmoja nyuma: kila kimoja kina historia.

Woga huu hauondoki kwa kumbembeleza kwa nguvu. Unaondoka mambo yanapotabirika. Mpe eneo dogo kwanza, kona ya veranda yenye gunia au blanketi na kitu cha kumkinga nyuma, kwa sababu uwanja mzima kwake ni mahali pengi pa kushambuliwa. Chakula saa zilezile. Mtu mmoja wa kumhudumia kwa siku za mwanzo. Kaa chini kabisa, ubavu ukimwelekea, usimkodolee macho, tupa vipande vya chakula mbali na wewe badala ya kumwita avichukue mkononi. Akija kunusa, usimguse. Akirudi tena, usimguse. Atakapokusukuma kwa pua, mkune kifuani au begani, si juu ya kichwa, halafu uache uone kama anaomba zaidi. Mkono unaoshuka toka juu anaujua kwa jina lingine.

Hata jina lichunguze. Kama kwao aliitwa Simba na kila "Simba!" ilifuatiwa na teke, mpe jina jipya na ulitaje wakati wa kula tu kwa wiki nzima.

Usimkusanyie wageni. Watoto wa mtaa wakitaka kumwona "mbwa mpya", waambie waje mwezi ujao. Madaktari na vituo vingi hutaja siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kuzoea utaratibu, miezi mitatu ya kujiona kwao. Ichukue kama makadirio, maana mbwa aliyefungiwa bandani miaka mitano anaweza kuhitaji mwaka.

Anakojoa ndani

Mwili kwanza: anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa matone au mkojo wenye damu, apimwe. Anayekojoa kidogo kila ukimsogelea, akiwa amejilaza na masikio nyuma, anaomba msamaha kwa lugha yake, na ukimfokea atakojoa zaidi. Mpuuze ukiingia nyumbani, msalimie nje.

Anayebaki ni yule ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha. Mtoe kila anapoamka, kila anapomaliza kula, na kabla ya kulala, mahali palepale, umsifu akimaliza. Ndani osha kwa siki na maji. Dawa za kusafishia zenye amonia zinanukia kwake kama mkojo, naye atarudi hapohapo. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi chochote ila kujificha nyuma ya kochi akibanwa.

Analia usiku kucha

Usiku wa kwanza na wa pili vumilia na waombe majirani radhi mapema; inasaidia kuliko unavyodhani. Mbwa aliyeishi na kundi sokoni hajawahi kulala peke yake. Mlaze mahali anapoweza kukusikia au kukunusa, hata kama mpango wako ni alale nje baadaye. Akilia kwa kubanwa mtoe kimya kimya, mrudishe. Kuitikia adhana kwa mlio mrefu si ugonjwa wala mkosi, ni sauti ndefu inayojibiwa kwa sauti ndefu.

Nyumba zilizo karibu na Waislamu, hasa pwani ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafi, zijue kwamba mate ya mbwa ni najisi kwao na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bakuli lake liwe lake, lisioshwe kwenye bomba la pamoja, na mbwa asiachiwe barazani watu wanapopita kwenda kuswali. Malalamiko yanayopelekwa kwa balozi wa nyumba kumi huweza kuanzia hapa, si kwenye kubweka tu.

Anatoroka

Wiki mbili za mwanzo geti lifungwe kabla mlango wa nyumba haujafunguliwa, na akitoka awe na mkanda wa kifuani pamoja na kola, maana mbwa mwenye hofu huchomoka kwenye kola akirudi kinyumenyume. Namba yako ya simu iandikwe kwenye kola. Dume anayechimba chini ya ukuta huenda anafuata jike. Kumhasi hupunguza hilo, ingawa si siku hiyohiyo. Asiyejua kamba ukimfunga anajilaza na kugoma: mfunge kamba nyepesi aiburute uwanjani ukiwa unamwangalia, kabla hujaishika wewe.

Usimfukuze akitoka. Ukimfukuza yeye anakimbia, huo ndio mchezo anaoujua. Chuchumaa, mgeuzie mgongo, tikisa bakuli.

Anafukuza kuku

Alikuwa akila kwa njia hiyo. Tenganisha kwa wavu, na uwanjani awe kwenye kamba. Mbwa mzima aliyezoea kuua kuku usimwamini kamwe akiwa peke yake nao. Nunua wavu, acha majaribio.

Ananguruma kwa watoto

Mlio huo ni onyo na una thamani. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kunguruma. Kabla ya onyo kulikuwa na mengine: kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso, weupe wa jicho kuonekana. Mtoe mtoto, usimtoe mbwa kwa nguvu. Kisha chunguza mwili: sikio lililooza ndani, jino lililovunjika, nyonga iliyogongwa na bodaboda na kupona vibaya, vyote hufanya mkono mdogo uwe adui. Usimpe panadol wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu, ni sumu kwake. Wafundishe watoto kutomgusa akiwa amelala, na wasiachwe naye peke yao hata akionekana mpole. Kama ameuma na kutoa damu bila kuchokozwa, anahitaji daktari na pengine nyumba isiyo na watoto. Kumrudisha kituoni kwa kusema ukweli wote ni uungwana kuliko kumtupa Ijumaa usiku mbali na kwako.

Alikuwa kimya, baada ya miezi miwili anabwekea kila mtu

Rudia kwanza ile orodha ya kichaa cha mbwa, kwa sababu badiliko la ghafla halipuuzwi. Kama anakula, anakunywa na kukufurahia wewe kama jana, basi amejiona kwao, na wenye nyumba hubweka. Ni wakati mzuri wa kumfundisha nani ni wa kupita. Mleta maji na dada wa kazi wamtupie kipande cha chakula kila wanapoingia, bila kumkodolea macho wala kumshika. Wageni wa mara moja asikutane nao. Mfunge bandani mpaka waondoke, bandani pale pawe na kivuli, maji na kitu cha kuguguna, ili asipaone kama gereza alikotoka. Kibao cha "Mbwa Mkali" kipake rangi getini hata kama si mkali: mleta gesi atagonga na kusubiri, nawe utapata muda wa kumfunga kabla ya kufungua.